Mlio Usio wa Gari

Membley, Ruiru
Jumatatu, 13 Januari 2025

Baba Mdogo Bedan,

Habari za Kiganjo? Huku tunasukuma siku. Lynn wangu ameingia darasa la tisa na mguu wake umefika saizi yangu, kwa hiyo sina tena viatu vya kwangu. Mimi bado ni karani wa shule ile ile, kwenye kiti kile kile. Baba yuko. Msalimie sana Mama Mdogo Kui, na magoti yake pia.

Najua unashangaa. Mara ya mwisho tulipokaribiana ilikuwa mazishi ya Cucu, mama yenu, nawe ulisimama upande ule wa kaburi, sisi upande huu. Lakini Mwalimu Tabby wa hapa shuleni anakaa Thika karibu na kwenu, na ameniambia masikio yako yamekufa kabisa, kwamba simu ikiita unasema "halo" mara tano kisha unaikata kwa hasira. Ujumbe wa simu nao huufungui. Nikakumbuka kwamba karatasi hujawahi kuikataa. Tabby ataacha barua zangu kwenye duka la misumari lililo mbele ya lango lenu, na zako utamwachia hapo hapo.

Shida yangu ni lile gari la Baba la dizeli, lenye namba ya KAN, mlilolifunga AC kwa mikono yenu wawili. Siku hizi ninaliendesha mimi. Naiwasha AC, inatoa baridi nzuri kwa dakika kumi, kumi na tano, kisha inageuka pumzi ya ng'ombe. Fundi wa hapa Ruiru anaitwa Muasya, mtu wa heshima. Alifungua boneti akasema, "Madam, hii ni gas imeisha. Nijaze?" Akajaza. Baada ya wiki, yale yale. Akajaza tena.

Jua hili la Januari unalijua, na mimi siwezi kufungua madirisha. Naomba unisaidie, hata kwa mistari miwili.

Mwanao,
Warigia


Kiganjo, Thika
22 Januari 2025

Warigia, mama,

Nakuita mama kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yetu, na hilo halikuguswa na yale mambo mengine. Barua yako ilikaa siku tatu dukani chini ya mkebe wa misumari, mwenye duka akidhani ni risiti yake. Kui anakusalimu. Magoti hayajambo asubuhi, lakini jioni hayasemi na mtu. Mimi nilifunga kazi mwaka juzi. Nafuga kuku ishirini na mmoja na sisikii hata mmoja, na hiyo ndiyo faida pekee niliyoiona katika uziwi.

Sasa hiyo gesi. Mwambie Muasya gesi si maziwa, hainywewi ikaisha. Ikipungua kuna mahali imetokea, na ikishatoka hairudi yenyewe. Je, siku inayofuata baridi inarudi kabla hajajaza? Hukuandika. Umeniandikia alichodhani fundi, hukuniandikia ulichokiona.

Wewe ulikulia kwenye gereji yetu, utakumbuka daftari. Mteja hakuruhusiwa kusema "gari ni gonjwa." Alikaa kwenye ile benchi akaandika ameona nini, lini, akiwa wapi, akasikia nini, akanusa nini. Mawazo yake alirudi nayo nyumbani. Na fundi naye aliandika kila alichogusa. Mmoja wetu alifanya kazi, mwingine akaikagua na kuandika chini yake "Imeonekana." Gari halikutoka langoni bila neno hilo.

Basi kuwa mteja wangu. AC ikikataa, simama mahali salama, acha injini ikizunguka, fungua boneti. Kompresa, ile pampu ya AC, iko chini, inazungushwa na mkanda. Ina gurudumu, na mbele ya gurudumu kuna kisahani. AC ikifanya kazi, kisahani huzunguka pamoja na gurudumu. Angalia kama kimesimama. Angalia kama feni ya mbele inazunguka. Chungulia chini upande wa abiria kama maji yanadondoka. Usitie mkono, na mtandio wako uuache ndani ya gari.

Andika na siku. Gari likikataa Jumanne, kuna kitu mnachokifanya Jumanne.

Bado nipo,
Bedan

Uliandika "Baba yuko." Mimi sikuuliza.


Membley
3 Februari 2025

Baba Mdogo,

Ahsante kwa kujibu. Nilisoma barua yako jikoni nimesimama, nikacheka peke yangu kwa hayo ya kuku, na sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini. Lynn anasema anataka kifaranga mmoja. Hapa mtaani kwetu kufuga kuku ni makosa, kuna askari langoni na sheria zimebandikwa ukutani.

Nimeandika kama ulivyoagiza.

Jumatatu, Jumatano na Alhamisi naenda kazini peke yangu. Baridi kutoka nyumbani hadi shuleni, hata siku ile kulikuwa na msongamano wa dakika arobaini. Jumanne na Ijumaa nina shughuli huko Thika. Siku hizo inakataa, karibu kila mara tukifika Juja. Nilisimama barabara ya pembeni nikafungua boneti. Gurudumu lilikuwa linazunguka, kisahani kimesimama. Feni ya mbele inazunguka vizuri. Maji yalikuwa yamedondoka, yakaacha. Sikunusa kitu, au labda harufu kidogo kama ya plastiki iliyoachwa juani. Kuna mlio mdogo pia, tii-tii-tii, lakini huo si wa gari. Tukirudi jioni na nikiwa nimekaa kidogo bila kuiwasha, inafanya kazi dakika kumi tena, halafu inakufa.

Baridi inarudi yenyewe kesho yake, ndiyo. Muasya alikuwa amenijazia gesi bila haja.

Nimechoka, Baba Mdogo. Si gari tu. Lakini tuanze na gari.

Warigia


Kiganjo
12 Februari 2025

Warigia, mama,

Salamu zimefika. Kifaranga amepewa jina Lynn na atakaa huku hadi mhame huko kwenye sheria zenu. Kanisani wamenitoa kwenye kwaya. Nilikuwa namaliza wimbo baada ya wenzangu wote kukaa.

Kazi yako ni nzuri, umeona kama fundi. Kisahani kimesimama na gurudumu linazunguka, kwa hiyo mkanda ni mzima. Kile kisahani huvutwa na sumaku, na sumaku hulishwa na umeme. Umeme ukipungua, sumaku inaachilia. Gesi haina hatia, iombwe msamaha. Sasa mwambie Muasya abadilishe relei, kile kisanduku kidogo karibu na fyuzi, kisha apime umeme kwenye waya ya kompresa gari likiwa limekataa. Si kabla, si baada. Likiwa limekataa.

Kuna mawili yaliyonikwaza. La kwanza, unakuja Thika mara mbili kwa wiki. Kutoka barabara kuu hadi kwangu ni dakika saba, na mimi sijahama. Sikulaumu, lakini nimeumia na sioni kwa nini nifiche.

La pili, umeandika kuna mlio usio wa gari. Mlio wowote ulio ndani ya gari ni wa gari, hadi ijulikane vingine. Huo mlio ni wa nini?

Na uliandika "tukifika Juja." Mwanzo ulisema siku nyingine unakwenda peke yako.

Bedan


Membley
19 Februari 2025

Baba Mdogo,

Hatujambo. Lynn ana mafua.

Relei imebadilishwa. Muasya alipima akiwa gereji kwake kwa sababu siwezi kumbeba hadi Juja. Gari lilikaa limewashwa nusu saa nzima juani, AC ikitoa baridi hadi yeye mwenyewe akasema, "Madam, hapa hakuna shida. Labda ni vile unaendesha." Nililipa nikaondoka. Ijumaa, Juja, ikakataa.

Kuhusu kupita kwako, samahani. Nina sababu na sababu si yangu. Huo mlio uache, hauhusiani. Kama hakuna kingine cha kuangalia niambie tu, nitajua nimefika mwisho.

Warigia


Kiganjo
5 Machi 2025

Warigia, mama,

Shule zenu zilifunga katikati ya muhula, Tabby akaenda kwao, na barua yako ikanifikia jana tu. Lynn atakuwa amepona. Mpe maji ya moto na ndimu, hata akikataa.

Nimeisoma hiyo barua yako fupi mara nyingi kuliko zile ndefu. Kisha nikachukua kalamu nikafanya tulivyokuwa tukifanya kwenye benchi, kuandika palipo na shida na pasipo na shida.

Peke yako, AC nzima. Kwa Muasya nusu saa, nzima. Jumanne na Ijumaa, inakufa. Kwa hiyo Jumanne na Ijumaa kuna kitu ndani ya gari ambacho kwa Muasya hakikuwepo. Kitu hicho kinakula umeme. Kisipopata wa kutosha kinalia, tii-tii-tii. Kimechomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, kwa sababu gari lile halina tundu lingine. Na mwenye kitu hicho hawezi vumbi wala moshi, ndiyo maana madirisha hayafunguliwi hata jua likiwaka namna hii.

Mimi ni kiziwi, mama, si mjinga. Hiyo ni mashine ya kupumulia. Mama wa jirani yangu alikuwa nayo.

Siwezi kutengeneza gari ambalo mteja anaficha abiria. Nani anaketi nyuma?

Bedan


Membley
Jumatatu, 10 Machi 2025

Baba Mdogo,

Leo sitasalimia sana, utanisamehe.

Ni Baba.

Mapafu yake yameisha. Daktari anasema ni ile rangi ya kupuliza bila barakoa miaka thelathini, na vumbi la breki, na zile sigara. Ana mashine tangu Agosti. Jumanne na Ijumaa nampeleka kliniki Thika, nimeomba ruhusa kazini na mwalimu mkuu ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Baba alinikataza nisikuambie. Alisema, "Bedan asinione hivi." Nikamwapia. Ndiyo maana napita barabara kuu nikitazama mbele tu, na kila mara nikiiona ile njia ya kwenu naongeza mwendo.

Mashine ina betri yake ya dakika arobaini. Huwa naichomeka tukitoka nyumbani ili betri ibaki kwa dharura. Sikuunganisha hayo mawili, nakuapia. Nilidhani mashine inalia kwa sababu ya joto, na joto ni kwa sababu ya AC. Niliposoma barua yako nilikimbilia garini mikono ikiwa bado na povu la vyombo, nikachomeka mashine bila mtu, nikawasha AC. Dakika kumi na mbili. Tap, kisahani kikasimama. Nikachomoa, nikasubiri, kikarudi.

Sasa sikia ilivyokuwa Ijumaa, kabla barua yako haijanifikia. Lori lilikuwa limeanguka mbele ya Witeithie, hatusogei. AC imekufa, mashine inalia, nikazima kila kitu kingine ili mashine ipate umeme. Gari likawa tanuri. Nikafungua dirisha kidogo. Moshi wa trela ukaingia, akakohoa hadi midomo yake ikabadilika rangi. Alikuwa anashika ule mkanda wa kiti kana kwamba ndio unamvuta hewa. Mimi nilikuwa naimba, Baba Mdogo. Sijui kwa nini. Naimba wimbo wa shule ya Jumapili na kupiga honi.

Nilikuwa na hofu ya kumpoteza kwa jambo la waya. Basi sasa umejua. Niambie nifanye nini.

Warigia


Membley
27 Machi 2025

Baba Mdogo Bedan,

Wiki mbili zimepita na zaidi. Tabby anasema barua ilichukuliwa dukani siku ile ile, kwa hiyo najua umesoma. Kila asubuhi namtazama Tabby anavyoshuka garini shuleni na mikono yake mitupu, nami siulizi tena.

Nilivunja kiapo cha baba yangu kwa sababu uliniambia huwezi kusaidia bila kujua. Umejua, na umenyamaza. Yeye akisema "Bedan" kwa bahati mbaya, huwa anageuza iwe kikohozi. Nilidhani angalau mmoja wenu amepungua ukaidi.

Nachomoa mashine tukitoka na kutumia betri yake hadi Juja, kisha naomba barabara iwe wazi. Hiyo ndiyo dawa tuliyo nayo.

Shule zinafunga wiki ijayo, Tabby hatakuwepo. Nikiwa na la kusema nitaliacha dukani mwenyewe nikipita.

Warigia


Kiganjo
3 Aprili 2025

Warigia, mama,

Una haki ya kila neno. Kui pia ameniambia, kwa kuandika kwenye ubao wa mkate ili nisijifanye sikusikia.

Sikunyamaza kwa ukaidi. Nilinyamaza kwa sababu shida ya hilo gari niliijua dakika ile niliyosoma barua yako, na sikuweza kuiandika. Leo nitaiandika jinsi tunavyoandika kazi.

Machi 2016 baba yako alikuwa anasafiri kwenda Nyeri asubuhi, akataka tundu la sigara lifanye kazi ili achaji simu. Lilikuwa limekufa. Mimi nilikuwa na haraka. Waya ya AC ilikuwa inapita pale pale nyuma ya dashibodi, nyembamba, ya kulisha sumaku ya kompresa na si kitu kingine. Nikaikwangua, nikasokota waya ya tundu juu yake, nikafunga tepu nyeusi. Dakika tano. Sikuandika kwenye daftari, na hakukagua mtu. Kwa simu ilitosha. Kwa mapafu haitoshi. Mashine inavuta umeme, kile kiungo cha kusokota kinapata moto, umeme unazidi kupungua, sumaku inaachilia na mashine inalia. Ile harufu ya plastiki uliyonusa ni tepu yangu.

Wiki ile ile, pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa maparachichi ilitoa moshi chini ya dashibodi njiani. Hakuna aliyeumia. Baba yako aliniuliza mbele ya mafundi wote, "Bedan, wee, ni wewe uliunga waya hapa na haukuandika?" Ile pikapu sikuwa nimeigusa, na hadi leo sijui ni nani. Lakini sikusema hivyo tu. Nilisema, "Naapa kwa jina la maitu, mama yetu, mimi sijawahi kuficha kazi hata moja." Yeye akajibu, "Unaficha." Nikabeba sanduku langu la vifaa. Ndani yake kulikuwa na daftari la mwisho la gereji, sikuligundua hadi nilipofika nyumbani, na kulirudisha kukawa kugumu kila mwaka kuliko mwaka uliotangulia.

Miaka tisa nimekaa na hasira ya mtu aliyesingiziwa. Ilikuwa hasira nzuri, ilinifaa. Kumbe waya yangu ilikuwa imelala ndani ya gari lake muda wote huo, na nilikuwa nimeapa uongo kwa jina la mama yangu, jina lako.

Jumanne tarehe 8 mkija kliniki, wacha ufunguo kwa askari wa maegesho, mwambie kuna fundi mzee atakuja. Nitaivuta waya mpya nene kutoka kwa betri, na fyuzi yake, iende kwenye tundu peke yake. Hadi siku hiyo usichomeke hiyo mashine kwenye gari, hata kidogo. Usiniletee mtu. Usimwambie.

Bedan


Membley
Jumatano, 9 Aprili 2025

Baba Mdogo,

Jana tumerudi nyumbani na mashine imechomekwa, AC imewashwa, kutoka Thika hadi langoni kwetu. Dakika hamsini na tano. Hakuna mlio hata mmoja. Baba alilala. Hajawahi kulala garini tangu augue. Nilipofika sikumwamsha, nilikaa tu pale injini ikizunguka nikalia kwa sababu kulikuwa na baridi.

Halafu nikakukasirikia. Askari aliniambia yule mzee alimaliza kazi akasimama nyuma ya gari la kubeba mikate hadi tulipotoka, akatuangalia tukiingia, kisha akaenda. Ulikuwa hatua ishirini. Ulikuwa hatua ishirini, Baba Mdogo, na yeye hana hatua nyingi zilizobaki.

Daftari uliloacha kwenye kiti cha mbele alilikuta yeye kabla yangu. Alilijua kwa jalada. Jioni aliomba miwani akasoma ukurasa wako:

"KAN, dizeli. Tundu la sigara. Waya iliungwa kwenye waya ya AC kwa kusokota na tepu, Machi 2016. Haikuandikwa. Kazi ya Bedan. Imetolewa leo 8 Aprili 2025, ikawekwa waya nene kutoka kwa betri na fyuzi yake. Bedan."

Na chini yake mstari mtupu wa kukagua.

Alisoma mara tatu kidole kikiwa chini ya maneno. Nilimpa kalamu. Nilitaka sana aandike lile neno moja, nikuletee, yaishe. Akairudisha kalamu mezani. Anaongea kidogo kidogo siku hizi, maneno mawili na pumzi, kwa hiyo nakuandikia yalivyotoka. "Siwezi... kusaini. Kitu... sijaona." Nikasema, Baba, AC inafanya kazi, umelala nayo njia nzima. Akatikisa kichwa. "Waya ya zamani... iko wapi? Fundi akitoa kitu... anaonyesha. Si ni yeye... alitunga hiyo sheria?"

Nilimwambia ni ukaidi. Nikamwambia na mengine ambayo nitamwomba msamaha. Akaningoja nimalize. Kisha akasema, "Alete... niione."

Sasa mimi nimechoka kuwa posta. Nitaacha hii dukani Ijumaa.

Warigia


Kiganjo
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Warigia, mama,

Ni kweli nilisimama nyuma ya gari la mikate. Nilikuwa nimejiambia nitatoka. Kisha nikamwona anatembea, mkono mmoja begani mwako na mwingine kwenye ile mashine, na ule ni mwendo wa baba yetu mwaka wake wa mwisho. Nikabaki pale pale. Niliogopa, na sina neno zuri zaidi la kuweka hapo.

Waya ninayo. Niliikata nikaitia mfukoni mwa koti, na tangu Jumanne sijalivua koti hilo ila kulala. Kiungo kimeungua cheusi, tepu imeyeyuka. Kingekaa mwezi mmoja zaidi kingewasha moto, na nyinyi wawili mkiwa ndani. Hilo nalo nitaliandika.

Ana haki. Sheria ile niliitunga mimi, baada ya yeye kubadilisha pampu ya mtu na kutupa ile ya zamani kabla sijaiona. Tuligombana siku nzima, na jioni tukala nyama choma kwa sahani moja.

Nitakuja Jumamosi kabla ya Pasaka, saa nne asubuhi. Waambie hao askari wa langoni kwenu kuna mzee atakuja na kifaranga, wasianze kunisomea sheria. Usimwambie baba yako nakuja kumwona, atavaa koti na kujichosha. Mwambie nakuja kuonyesha waya.

Weka meza ndogo kati ya viti viwili, daftari juu yake, na kalamu mbili. Mimi sisikii na yeye hana pumzi ya kusema, kwa hiyo itabidi tuandikiane. Nilihesabu kabla sijaliacha garini, kurasa arobaini na moja zimebaki.

Bedan